Safari ya Lori Ikiisha, Mafunzo Yake Huishia Wapi?

Lori limerudi yadi kutoka Kigali. Dereva anakabidhi funguo, risiti za dizeli, hati ya makabidhiano yenye mhuri wa mpokeaji na chenji ya posho iliyobaki. Mhasibu anajumlisha, fundi anagonga matairi na kukagua breki, na kabla jua halijazama meneja ameshaanza kuulizia mzigo mwingine. Kuhusu siku mbili zilizopotea Rusumo, daftari la ofisi lina maneno mawili tu: "foleni mpakani".

Miezi miwili baadaye dereva mwingine wa kampuni hiyo hiyo anakwama pale pale kwa sababu ile ile. Nayo haikuwa foleni. Idadi ya katoni kwenye ankara ilitofautiana na idadi iliyoandikwa kwenye orodha ya upakiaji, mzigo ukabidi ushushwe na kuhesabiwa. Dereva wa kwanza alilijua hilo, kwa kuwa wakala alimweleza dirishani. Lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona sababu ya kujipeleka mwenyewe kusema jambo ambalo lingeweza kumkata mshahara.

Hali hii haihitaji kutajiwa kampuni. Kila mwenye malori mawili au zaidi kati ya Mombasa, Dar es Salaam na nchi zisizo na bandari anaifahamu, na wafanyabiashara wanaovusha magunia yao Mutukula au Busia nao wana ya kwao inayofanana nayo. Makosa yanalipiwa mara ya kwanza kwa bahati mbaya, kisha yanalipiwa mara ya pili na ya tatu kwa sababu somo la mara ya kwanza limebaki kichwani mwa mtu mmoja.

Kujitathmini baada ya kazi na kupokea maoni ya wengine kuhusu kazi hiyo ni jambo linalozungumzwa sana katika semina za mahotelini, kwa maneno makubwa kiasi kwamba mwenye malori huona halimhusu. Ukweli ni kwamba linamhusu kuliko wengi, kwa kuwa safari moja ya lori ina mwanzo, mwisho, watu wachache na gharama zinazoonekana. Ni kazi rahisi kuichunguza. Kinachokosekana ni utaratibu.

Tafakuri za aina mbili

Mwaka 1983 mwalimu mmoja wa Marekani, Donald Schön, aliandika kitabu kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini. Alitofautisha kufikiri ndani ya kazi yenyewe na kufikiri kuhusu kazi ikiwa imekwisha. Madereva wa masafa marefu ni hodari wa aina ya kwanza. Dereva anayeteremka Kitonga na kuhisi tela linamsukuma hangoji kikao. Anabadilisha gia, anapunguza mwendo, na pengine anasimama mahali salama kuzipoza breki. Mfanyabiashara wa samaki wakavu naye akiona mnunuzi anashika samaki mmoja na kumrudisha, anajua papo hapo kwamba bei itabidi ishuke.

Aina ya pili ndiyo haba. Baada ya safari, dereva hasemi kwamba breki zilipata moto kwa sababu mzigo ulipakiwa mzito kuliko ilivyoandikwa, na mfanyabiashara haulizi kwa nini samaki wa safari hii walirudishwa na wale wa safari iliyopita walinunuliwa. Aina ya kwanza humwokoa mtu siku ile, ila aina ya pili ndiyo inayomwezesha mwenzake naye kuokoka.

Daftari la safari

Kumbukumbu ya binadamu haifai kwa kazi hii. Dereva aliyekaa siku sita njiani akiulizwa mpakani palichukua muda gani atajibu "sana", na hatakuwa anadanganya. Kwa hiyo jambo la kwanza ni daftari ndani ya kabini, la kawaida kabisa, ambamo kila kusimama kunakozidi nusu saa kunaandikwa: mahali, saa ya kufika, saa ya kuondoka na sababu.

Hapa kuna mtego mmoja ambao umewasumbua wengi. Saa zenyewe ziandikweje? Dereva anayeandika "saa 2" akiwa na maana ya saa mbili usiku, na karani wa ofisini anayesoma 2 kwa saa za kizungu, watapishana kwa saa sita. Aidha, Rwanda, Burundi, Zambia na upande wa mashariki na kusini wa Kongo, ikiwemo Lubumbashi, wako nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Lori linalovuka Tunduma kwenda Nakonde linaweza kuonekana limefika kabla halijaondoka. Ofisi ichague mtindo mmoja, kwa mfano saa za tarakimu 24 kwa majira ya nyumbani, na iandike uamuzi huo kwenye jalada la daftari.

Jambo la pili ni kugawanya muda. Neno "foleni" limekuwa gunia la kutupia kila kitu. Chukua mfano wa lori lililokaa mpakani saa 31. Daftari lililoandikwa vizuri linaweza kuonyesha kwamba saa 5 zilikuwa za foleni kweli, saa 3 za ukaguzi, saa 4 dereva alilala, na saa 19 zilizobaki lori lilikuwa limeegeshwa likisubiri nyaraka ambazo ofisi ilikuwa haijamtumia wakala. Mwenye lori huyo alikuwa akiilaumu forodha. Zaidi ya nusu ya muda uliopotea ulitoka mezani kwake mwenyewe.

Mfano huo una uzito zaidi leo kuliko miaka ya nyuma. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutumika mwaka 2014, sehemu kubwa ya kazi ya kutathmini na kulipia mizigo inayokwenda nchi wanachama hufanyika mzigo ukiwa bado bandarini, pale unapoingilia. Katika vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kama Rusumo, Namanga, Busia, Mutukula na Holili-Taveta, lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanakuwa hapo. Taratibu zikiwa fupi kiasi hicho, ucheleweshaji wa ofisi hauna tena mahali pa kujificha.

Wengi sasa wanategemea ujumbe wa sauti wa WhatsApp badala ya daftari. Ni mzuri kwa habari ya haraka, lakini nani amewahi kurudi kusikiliza sauti 40 za mwezi uliopita ili ajue lori lilisimama wapi? Mwenye kupenda simu apige picha ukurasa wa daftari na kuutuma.

Maswali manne

Jeshi la Marekani lilijijengea, kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 1980, desturi ya kukaa chini mara tu baada ya kila zoezi na kuulizana yaliyotokea, askari na maofisa pamoja. Baadaye viwanda, hospitali na mashirika mengine wakaiiga. Maswali yake yanaweza kuulizwa chini ya mwembe: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini kuna tofauti, na mara nyingine tutafanya nini.

Swali la kwanza linaonekana la kitoto, na ndilo linalofichua mengi. Mara nyingi hakukuwa na mpango. Dereva alidhani anatakiwa kufika Alhamisi, meneja alimwahidi mteja Jumatano, na wakala alijua mzigo utakuja "wiki hii". Watu watatu wamefanya kazi vizuri kila mmoja kwa saa yake, na mteja amekasirika.

Swali la tatu ndilo gumu. Tuseme lori la ekseli sita lenye tela limezuiwa mizani. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za kuvuta zenye matairi mapacha tani 18, na ekseli tatu za tela zenye matairi mapacha tani 24. Jumla ni tani 50. Lori hili limepimwa tani 49, na dereva anaapa kwamba yuko ndani ya sheria. Lakini mizani inasoma tani 8 mbele, tani 15 katikati na tani 26 nyuma. Jumla ni halali na kundi la nyuma limezidi kwa tani 2.

Jibu la haraka ofisini ni "dereva mzembe", na faini inakatwa kwenye mshahara. Jibu hilo halifundishi kitu, kwa sababu dereva atakayefuata naye atakwama. Kwa nini nyuma palizidi? Kwa sababu marobota ya mabati yalipakiwa mwishoni, karibu na mlango. Kwa nini yalipakiwa mwishoni? Kwa sababu makuli walifuata mpangilio wa ankara, na mabati yalikuwa mstari wa mwisho. Kwa nini walifuata ankara? Kwa sababu hiyo ndiyo karatasi pekee waliyopewa, na dereva aliitwa baada ya tela kufungwa turubali.

Sasa kuna la kufanya: karatasi ya upakiaji inayopanga mizigo kwa uzito, alama ya rangi kwenye ubavu wa tela kuonyesha mizito ikae wapi, na dereva kuwepo wakati wa kupakia. Gharama yake ni kopo la rangi na saa mbili za dereva. Kuuliza "kwa nini" kukomee pale jibu linapogusa kitu ambacho mwenye kuuliza anaweza kukibadilisha kesho asubuhi.

Safari zilizokwenda vizuri nazo ziulizwe. Lori lililopita mizani salama bila kupimwa kabla ya kuondoka halikufanikiwa, lilibahatika. Mwenye mali asiyejua tofauti hiyo atajenga mazoea juu ya bahati.

Kwa nini dereva hasemi

Utaratibu wote huu huvunjika mahali pamoja: mwenye habari anaogopa kuitoa.

Mwenye nacho anaweza kusema, "Mimi madereva wangu wananiambia kila kitu." Pengine. Lakini ikiwa katika ofisi hiyo dereva aliyewahi kusema ukweli kuhusu tairi alilolipasua kwa kupita kwenye shimo akiwa na haraka alilipishwa tairi hilo, wenzake wote walisikia, na somo walilopata ni la kunyamaza. Tairi lijalo litakuwa limepasuka "lenyewe".

Usafiri wa anga ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea kutua katika uwanja wa Dulles karibu na Washington. Marubani walielewa ruhusa ya mwongoza ndege kwamba wanaweza kushuka chini zaidi, wakashuka mapema mno, na ndege ikagonga mlima huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine, United, walikuwa wameielewa vibaya ruhusa ya namna hiyo mahali hapo hapo, wakanusurika, na wakalieleza shirika lao. Shirika hilo likawaonya marubani wake. Onyo halikuwafikia wa TWA.

Ndipo mwaka 1976 ukaanzishwa utaratibu wa marubani kuripoti makosa na hatari walizokutana nazo. Kilichofanya utaratibu huo uaminike ni mpangilio wake: ripoti hazikupelekwa kwa mamlaka yenye uwezo wa kumnyang'anya rubani leseni, zilipelekwa kwa NASA, shirika la anga za juu, ambalo halikuwa na adhabu ya kumpa mtu. Majina yaliondolewa. Rubani aliyeripoti kosa ambalo hakulifanya kwa makusudi, na ambalo si jinai wala ajali, alilindwa dhidi ya adhabu. Utaratibu huo unaendelea mpaka leo, na ripoti zake husomwa na watu ambao hawakuwepo siku ile.

Kampuni ya malori manne haina NASA. Hata hivyo inaweza kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Wizi wa dizeli, ulevi na kubeba abiria wa magendo ni mambo ya nidhamu, na yana kikao chake. Kuchelewa, kukosea njia, kutoelewana na wakala, kusahau sili au kupakia vibaya ni mambo ya kujifunza, na yanayosemwa humo hayakatwi kwenye mshahara. Meneja alitamke hili mbele ya madereva wote na, muhimu zaidi, alitimize mara ya kwanza litakapomuuma. Madereva wataangalia mara hiyo moja tu.

Yako na mambo madogo yanayosaidia. Kikao kisifanyike saa ile lori linapoingia, mtu amechoka na hajaoga. Kifanyike kesho yake kwa chai. Utingo awepo, kwa maana mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa macho wakati dereva yuko dirishani. Meneja aseme mwisho. Akianza yeye kueleza anavyodhani, waliobaki watakubaliana naye na chai itaisha. Vilevile swali "ulikosea wapi?" hujibiwa kwa kujitetea, wakati swali "ni nini hukukitegemea?" hujibiwa kwa hadithi, na ndani ya hadithi hiyo ndimo kosa lilimo.

Mteja anaposema "hakuna shida"

Maoni ya mteja ni magumu kuyapata kuliko ya dereva, kwa sababu ya adabu. Katika nchi hizi mtu huona haya kumwambia mwenzake usoni kwamba kazi yake ni mbovu. Mpokeaji wa mzigo Bujumbura akipigiwa simu na kuulizwa kama alipokea vizuri atasema "hakuna shida, asante sana", kisha mzigo ujao atampa mwingine. Msafirishaji atasema soko limekuwa gumu.

Njia ya kuivuka adabu hiyo bila kuivunja ni kuuliza kwa idadi. Badala ya "mzigo ulifika vizuri?", ulizia: magunia mangapi yalikuwa yamelowa, makuli walingoja saa ngapi lori lifike, na je, alipigiwa simu kabla lori halijavuka mpaka? Mtu anaweza kujibu "magunia manne" bila kujiona anamlaumu mtu. Maswali matatu yanatosha, ndani ya siku mbili, na aulizwe anayepokea mzigo pamoja na anayelipa. Anayelipa yuko ofisini na anaona ankara. Anayepokea ndiye aliyeliona turubali lililochanika.

Mawakala wa forodha nao ni hazina isiyotumika. Wakala anayeshughulikia malori ya kampuni nyingi anajua hati za nani huja na makosa na makosa hayo ni yapi. Aulizwe mara moja kwa mwezi, kwa heshima na bila ugomvi wa bei ndani yake. Ofisa wa mpakani akirudisha nyaraka, dereva aandike neno kwa neno kilichokataliwa. "Nyaraka zimekataliwa" haimsaidii mtu. "Cheti cha uasili hakina namba ya ankara" kinarekebishwa kwa dakika tano.

Mahindi ya mwaka 2021

Wafanyabiashara wa nafaka wana mfano wao unaoonyesha thamani ya kuuliza mapema. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na uwe na cheti cha uasili.

Barua ilishtua, ila kipimo hakikuwa kipya. Sehemu 10 kwa bilioni kilikuwa tayari kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Viwanda vya unga vilikuwa vikipima na kurudisha mizigo kabla ya hapo. Mfanyabiashara ambaye lori lake liliwahi kurudishwa alikuwa amepewa habari ya bure, endapo tu aliuliza: kipimo kilisoma ngapi? Wengi hawakuuliza. Waliona wameonewa, wakatafuta mnunuzi asiyepima, na mahindi ya msimu uliofuata wakayaanika chini kwenye udongo kama ya msimu uliopita.

Anayeuliza namba anaweza kuifuatilia nyuma. Unyevu asilimia 16 kiwandani unaweza kuwa umetokana na shamba, ghala au siku tatu za mvua chini ya turubali bovu, na kila kimoja kina dawa yake. Kipima unyevu cha mkononi kikitumika pale pale mahindi yanaponunuliwa kwa mkulima, mjadala unaisha kabla fedha haijatoka.

Kwa mfanyabiashara mdogo, ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000 na anatumia cheti rahisi cha uasili, daftari la peke yake linaweza kuwa halina mengi, kwani pengine anavuka mara moja kwa wiki. Hapa chama cha wenzake kina faida. Akinamama 12 wanaovuka Busia, kila mmoja akieleza kwenye mkutano wa kuchangishana jambo moja lililomkwamisha wiki hiyo na namna alivyolimaliza, wanakuwa na uzoefu wa safari 12 badala ya mmoja. Dakika 20 kabla ya kuhesabu fedha zinatosha.

Yaliyo mikononi na yasiyo mikononi

Si kila kuchelewa ni kosa la aliyechelewa, na kujitathmini kusigeuke kujilaumu. Januari 2022 Uganda ilipoagiza madereva wapimwe UVIKO-19 mpakani kwa ada ya dola 30, madereva waligoma, malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi upande wa Malaba na bei ya petroli ikapanda Uganda. Hakuna dereva ambaye angeizuia foleni hiyo kwa kuandika vizuri. Hali kadhalika mpaka wa Gatuna, uliofungwa kwa malori mwishoni mwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Waliokuwa wakipita hapo walilazimika kuzungukia Mirama Hills na Kagitumba.

Lakini hata katika mambo hayo daftari lina kazi. Kwanza, linamwezesha msafirishaji kumwonyesha mteja saa zilizopotea na mahali zilipopotelea, jambo linalopunguza ugomvi wa nani alipe tozo ya kuchelewesha kontena. Pili, malalamiko kuhusu vikwazo visivyo vya kiforodha huweza kuwasilishwa kupitia kamati za kitaifa na kwenye mfumo wa pamoja wa COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, na malalamiko yenye tarehe, saa, mahali na namba ya hati yanafuatilika. Yale ya "wanatusumbua" hayafuatiliki. Tatu, taasisi za Ushoroba wa Kaskazini na Ushoroba wa Kati huchapisha takwimu za muda ambao malori hutumia kufika kila mpaka. Msafirishaji anayejua muda wake anaweza kuulinganisha. Akikuta wenzake wanapita kwa nusu ya muda anaoutumia yeye, basi mpaka si tatizo.

Badilisha kimoja

Baada ya kikao cha kwanza chenye uhuru, orodha ya matatizo huwa ndefu, na meneja mwenye ari hutaka kuyamaliza yote kwa wiki moja. Huko ni kujipoteza. Akibadilisha wakala, njia, muda wa kuondoka na utaratibu wa posho kwa pamoja, safari ikaenda vizuri hatajua ni kipi kilichosaidia, na ikienda vibaya atarudisha vyote. Ni afadhali kuchukua jambo moja, kwa mfano nyaraka zitumwe kwa wakala siku moja kabla lori halijaondoka bandarini, na kulishika kwa safari tano au sita kabla ya kulihukumu. Safari moja haitoshi. Siku hiyo inaweza kuwa ya sikukuu upande wa pili, au mtandao wa forodha umekatika.

Kila jambo lililoamuliwa liwe na jina la mtu na tarehe ya kuliangalia tena. Uamuzi wa "tutajitahidi kuwahi" haumhusu mtu yeyote. "Karani atatuma hati kabla ya saa 10 jioni, tutaangalia tarehe 15" unamhusu karani, na ni haki karani awepo kikaoni unapopitishwa, kwa kuwa pengine hati humfikia yeye saa 11.

Madereva huhama. Dereva aliyepita Kasumbalesa miaka minane akienda kampuni nyingine anaondoka na miaka hiyo, na ofisi inabaki na risiti zake za dizeli. Kwa sababu hiyo baadhi ya wasafirishaji huweka daftari la pili lisilotoka ofisini, moja kwa kila njia, ambamo yale yaliyoamuliwa vikaoni hunakiliwa kwa ufupi. Dereva mgeni wa njia hiyo hupewa kurasa za mwisho azisome jioni kabla ya kuondoka, na mara nyingi atakayoyakuta humo ni mambo madogo mno kuandikwa mahali pengine: maegesho yapi yana mlinzi wa kweli, mizani ipi imehamishiwa upande wa pili wa barabara, na kwamba wakala wa mpaka ule hapokei simu Jumapili asubuhi, kwa hiyo apigiwe Jumamosi.